Chungu Kinachobeba Cheche

Pikipiki ilisukumwa hadi kwenye kibanda cha fundi, pembeni mwa barabara ya kutoka Kyela kwenda Ipinda. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika.

"Shikamoo, fundi. Inamisi."

"Marahaba. Toka lini?"

"Toka juzi. Nikipakia abiria wawili inakata kabisa."

Fundi hakuuliza zaidi. Aling'oa kofia ya plagi, akapuliza maji na mchanga pembeni ili visidondokee ndani ya silinda, kisha akaizungusha spana ya plagi polepole. Plagi ilipotoka aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga na kuitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mafundi wenyewe husema wanaisoma plagi, na kweli inasomeka. Ikitoka na rangi ya kahawia, rangi ya punje za kakao zinazoanikwa kwenye mikeka huko huko Kyela, injini ina afya. Ikiwa na masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiloa oili nyeusi, ringi zimechoka au oili inapita kwenye valvu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi, na mwenye pikipiki asipowahi atanunua pistoni. Yote hayo yako kwenye ncha isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Hii ilikuwa na masizi. Fundi angeweza kubadilisha plagi, akapokea hela yake na kumwacha kijana aende. Badala yake alifungua kwanza kichujio cha hewa, akakikuta kimeziba vumbi na matope. Plagi mpya juu ya kichujio kilichoziba nayo ingekuwa nyeusi ndani ya wiki. Akakiosha, akakikausha. Ndipo akaitoa plagi mpya kwenye boksi lake dogo, akaitazama kwa makini kama kauri ina ufa, akapitisha kipande cha msumeno wa chuma katikati ya ncha mbili. Uwazi unaotakiwa kwenye plagi ya aina ile ni milimita 0.6 hadi 0.7, na unene wa msumeno ule unakaribia kabisa hapo. Alitumia kilichopo, nacho kilikuwa sahihi. Aliikaza kwa mkono mtupu hadi ikagota, spana ikaja mwisho kabisa, kwa sababu kichwa cha injini ni aluminiamu na nyuzi zake zikiharibika ni hasara kubwa.

Niliomba ile ya zamani. Ubavuni ilikuwa na maandishi D8EA. Herufi D inaeleza upana wa nyuzi, milimita 12. Namba 8 inaeleza jinsi plagi inavyotoa joto: kwa NGK, kampuni iliyoitengeneza, namba ikipanda plagi inapoa upesi zaidi. Lakini kilichonivuta ni ile sehemu nyeupe, kauri yenyewe, yenye matuta ya duara. Matuta yale yanarefusha njia ya umeme, ili usitoroke nje na kukimbilia kwenye chuma wakati wa unyevu. Kyela, mahali ambapo mvua haiishi, matuta hayo yana kazi.

Plagi ni kazi ya ufinyanzi, na historia ya NGK inathibitisha. Mwaka 1904, mahali paitwapo Noritake, Nagoya, kilianzishwa kiwanda cha sahani na vikombe vya kauri vya kuuza Marekani. Mwaka 1919 kikazaa kampuni ya vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya za umeme juu ya nguzo. Mwaka 1936 hiyo nayo ikazaa kampuni ya plagi hizi za NGK. Watu walioanza kwa sahani ya chakula wakaishia ndani ya silinda. Kauri ya plagi hutengenezwa kwa unga wa alumina, unaoshindiliwa kwa nguvu kutoka pande zote, ukachongwa umbo, kisha ukachomwa kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi. Kwenye tanuru kipande husinyaa karibu sehemu moja kwa tano, kwa hiyo anayekichonga anachonga kitu kikubwa kuliko anachokitaka, akijua moto utakimalizia. Baadaye kauri hiyo itazuia volti zaidi ya 10,000, huku mwali wa nyuzi zaidi ya 2,000 ukiipiga na hewa baridi ikiifuata papo hapo.

Barabara ile ya Ipinda inaendelea hadi Matema, na ufukweni, mwendo mfupi tu, kuna Lyulilo, penye mnada maarufu wa vyungu siku ya Jumamosi. Vyungu vinatoka kwa Wakisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, na vingi hufika kwa mtumbwi. Wafinyanzi ni wanawake. Nao wanajua kwamba udongo husinyaa, kwamba chungu kisichokauka vizuri kitapasuka motoni, kwamba ukuta ukiwa mnene upande mmoja moto utaudai. Mama mmoja alikigonga chungu kwa kidole, kikalia kwa sauti safi. Akagonga cha pili, akakiweka pembeni bila neno. Mimi sikuona ufa wowote. Yeye alikuwa ameusikia.

Kuhamisha ujuzi wa namna hiyo kuvuka bahari si jambo dogo. Kiwanda cha kwanza cha NGK nje ya Japani kilianzishwa Brazil mwaka 1959, huko Mogi das Cruzes, eneo lenye wahamiaji wengi wa Kijapani. Serikali ya Brazil ilitaka magari na vipuri vyake vitengenezwe nchini. Kiwanda hicho kimetengeneza hata vigae vya ukutani, udongo ukirudia kazi yake ya zamani. Malaysia na Indonesia zilifuata miaka ya 1970. Kisha ukaja mkataba wa Plaza wa kushusha thamani ya dola, New York, Septemba 1985: dola moja iliyokuwa ikipata yeni 240 hivi ilishuka chini ya 160 mwaka uliofuata, bidhaa zilizotengenezwa Japani zikawa ghali nje, na watengenezaji wa vipuri wa Japani wakazidi kuhamishia kazi Thailand na kwingineko. Ndiyo maana siku hizi jina la Kijapani kwenye boksi halimaanishi kwamba kipuri kimetoka Japani. Wateja wengi hulidharau boksi la namna hiyo, nami naona wanakosea. Mashine husafirishwa kwa meli. Jicho na sikio la kujua kauri nzuri lilibidi lifundishwe mtu kwa mtu, kila nchi upya, na plagi zinazowaka vizuri ni ushahidi kwamba lilifundishika.

Kijana alipiga kiki mara moja, injini ikashika. Fundi akasikiliza kidogo, akapunguza sailensa kwa bisibisi, akasikiliza tena, kisha akamruhusu aende.

Siku nyingine ukibadilishiwa plagi, msomaji, mwombe fundi akupe ile ya zamani kabla hajaitupa, na akuoneshe alichokisoma.