Foleni Mbili, Dirisha Moja: SWT na Swing Zinavyoelewana

Chukua programu iliyojengwa juu ya Eclipse. Menyu, vitufe na paneli zake zote ni za SWT, ila katikati kuna chati ya Swing, kwa kuwa chati hiyo ilikuwepo tangu zamani na hakuna mwenye bajeti ya kuiandika upya. Mtumiaji akivuta pembe ya dirisha, chati inatanuka nalo. Akibofya kisanduku cha maandishi ndani ya chati, kiteuzi kinaanza kupepesa. Akilishusha dirisha, vyote vinashuka pamoja. Yeye anaona dirisha moja. Ukweli ni kwamba hapo kuna mifumo miwili isiyojuana, kila mmoja na foleni yake ya matukio, na daraja lililopo kati yao ni darasa moja tu la Java, SWT_AWT.

Darasa hilo liliingia katika SWT 3.0 mwaka 2004, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Si mrefu. Kinachofaa kuchunguzwa ni jinsi linavyoamua nani amwambie nani nini, na lini.

Tuanze na chanzo cha utengano. AWT ilikuja na Java 1.0 mwaka 1996. Swing, iliyoingia rasmi katika JDK 1.2 mwaka 1998, ilikaa juu ya AWT na kuchora vitufe vyake yenyewe, bila kuuomba mfumo endeshi kitufe. SWT, iliyotoka IBM na kufunguliwa kwa umma pamoja na Eclipse mwaka 2001, ilishika njia ya pili: kitufe cha SWT kwenye Windows ni kitufe cha Windows hasa, na kwenye Linux ni cha GTK.

Tofauti ya uchoraji inaonekana kwa macho, lakini haisumbui sana. Inayosumbua ni tofauti ya nyuzi. Uzi ni mfululizo mmoja wa amri unaotekelezwa kwa mpangilio wake, na programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Katika SWT, uzi uliounda Display ndio wenye mamlaka pekee juu ya madirisha. Uzi mwingine ukijaribu kugusa kitufe, SWT inaukatalia papo hapo kwa kosa la “Invalid thread access”. AWT na Swing nazo zina uzi wao wa kugawa matukio, ambao Java huuanzisha yenyewe. Swing haina ukali wa SWT: ukiigusa kutoka uzi usiostahili huenda isilalamike, ila siku moja chati itachoreka nusu na hutajua kwa nini.

Basi fahali wawili wamo katika zizi moja, na hakuna anayeweza kuondolewa. SWT_AWT haijaribu kuwaunganisha wawe mmoja. Inaacha kila uzi utawale eneo lake, kisha inapitisha ujumbe katikati. Angalia njia yake ya new_Frame inavyofanya fremu ya AWT inapozaliwa ndani ya paneli ya SWT na inahitaji kujua ukubwa wake. Uti wa mgongo wa kazi hiyo ni huu:

parent.getDisplay().asyncExec(() -> {
    if (parent.isDisposed()) return;
    final Rectangle eneo = parent.getClientArea();
    EventQueue.invokeLater(() -> {
        frame.setSize(eneo.width, eneo.height);
        frame.validate();
    });
});

Mistari hii inabeba maamuzi manne. La kwanza, asyncExec: kazi inawekwa kwenye foleni ya SWT badala ya kufanywa hapo hapo, hata kama tayari tuko kwenye uzi wa SWT. Fremu inapoundwa, paneli mara nyingi bado haijapangwa, na ukiipima wakati huo utapata sifuri. Kuahirisha kunaipa SWT nafasi ya kumaliza mpangilio. La pili, isDisposed: baina ya kuweka kazi kwenye foleni na kuitekeleza, mtumiaji anaweza kuwa amekwisha kufunga dirisha, hivyo msimbo unauliza kwanza kama paneli bado ipo. La tatu, eneo linasomwa kwenye uzi wa SWT, wenye haki ya kulisoma, na kinachovuka mpaka ni nakala ya nambari. Paneli yenyewe haikabidhiwi kwa AWT hata kidogo. La nne, setSize na validate zinafanyika kwenye uzi wa AWT, wenye fremu. Hakuna uzi uliosimama kumsubiri mwenzake.

Kuna gharama, nayo ni kuchelewa. SWT inaweza kuwa imeshachora ukubwa mpya huku Swing ikiwa bado kwenye wa zamani, na pengo hilo linaonekana kama mmemeto kwenye ukingo. Kwenye Windows mmemeto uliongezeka kwa sababu AWT ilifuta usuli kabla ya kuchora upya. Ndiyo maana wazoefu huweka sun.awt.noerasebackground kuwa true kabla AWT haijaamka. Inapunguza tatizo, haiondoi chanzo chake, lakini kuchelewa huko ni malipo ya haki kwa programu isiyoganda.

Ukubwa ni habari rahisi, maana ni nambari mbili tu. Uhai wa dirisha ni habari nzito zaidi. Mfumo endeshi ukilifanya dirisha kuwa hai, unaliarifu dirisha la juu kabisa, na hapa hilo ni la SWT. Fremu ya AWT iliyopachikwa ndani haipati taarifa. Kwa AWT, fremu isiyo hai haistahili fokasi ya kibodi, hivyo mtumiaji anabofya kisanduku cha maandishi, anaandika, na hakuna herufi inayotokea.

Dawa ya SWT_AWT ni kutengeneza tukio ambalo mfumo endeshi haukulituma. Daraja linasikiliza paneli ya SWT inapopata au kupoteza uhai, na kwenye Windows linaita synthesizeWindowActivation ya fremu iliyopachikwa ili AWT iamini kuwa dirisha lake limewaka au limezimika. Dirisha likishushwa, linaitumia fremu WINDOW_ICONIFIED, likirudishwa, WINDOW_DEICONIFIED. Paneli ikifa, linapanga dispose ya fremu kwenye foleni ya AWT. Kwenye Linux sehemu ya kazi hii inabebwa na XEmbed, itifaki ya X11 yenye ujumbe wake maalumu wa kuwasha dirisha na kutoa fokasi. Kwa hiyo daraja hilo linadai X11. Wayland halisi haina XEmbed, na anayehitaji upachikaji huu hulazimika kuiendesha GTK kwa njia ya X11.

Hadi hapa mambo yamekaa vizuri. Daraja linaanza kupwaya pale tukio linapotakiwa kurudi upande wa pili.

Mfano wa kwanza ni menyu ibukizi. Fungua menyu ya Swing kwa kitufe cha kulia, kisha bofya sehemu ya SWT. Inaweza kubaki wazi, ikining'inia juu ya dirisha. Swing hufunga menyu zake inapoona mbofyo mahali pengine, na mbofyo huu haukuuona, kwani uliishia SWT. Mwandishi wa programu analazimika kuongeza msikilizaji upande wa SWT atakayemwagiza MenuSelectionManager wa Swing, kwa invokeLater, afute njia ya menyu iliyo wazi.

Mfano wa pili ni kidirisha cha Swing kinachodai jibu kabla ya lolote jingine, kama “Hifadhi mabadiliko?” Kinazuia madirisha ya AWT peke yake. Menyu za SWT zinaendelea kubofyeka, na mtumiaji anaweza kufunga faili lile lile analoulizwa kama alihifadhi. Toleo la GTK la SWT_AWT linasikiliza WINDOW_OPENED ya AWT na kuuambia X11, kwa XSetTransientForHint, kwamba kidirisha hicho ni mtoto wa dirisha la SWT, ili kisizame nyuma yake. Hilo linaweka sawa mpangilio wa madirisha, si uzuiaji. Ukitaka kuzuia kweli, mbinu inayotumika ni kufungua dirisha tupu la SWT lenye ukubwa wa sifuri na sifa ya APPLICATION_MODAL kwa muda wote ambao kidirisha cha Swing kiko wazi, kisha kulifunga.

Mfano wa tatu ndio hatari kuliko yote: mkwamo. SWT ina syncExec, AWT ina invokeAndWait, na zote maana yake ni “fanya kazi hii, mimi nasubiri”. Uzi wa AWT ukiita syncExec wakati uzi wa SWT umeita invokeAndWait, kila mmoja umesimama ukimngoja mwenzake. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Programu inaganda na mtumiaji anaizima kwa nguvu.

Hapa SWT_AWT yenyewe haina usafi kamili. Njia yake ya kinyume, new_Shell, inayoweka SWT ndani ya Canvas ya AWT, inatumia syncExec kuipa SWT ukubwa mpya. Ina maana kwamba uzi wa AWT unasimama kila Canvas inapobadilika ukubwa. Ukiwa na sehemu yoyote ya programu inayoita invokeAndWait kutoka uzi wa SWT, umeshatega mtego, na utafyatuka siku mtumiaji atakapovuta pembe ya dirisha wakati mbaya. Hapakuwa na ulazima: upande wa new_Frame unafanya kazi ile ile bila kumsimamisha mtu.

Uamuzi wangu ni kwamba nusu bora ya darasa hili inatoa kanuni inayofaa kila daraja la aina hii, iwe ni SWT na Swing au Swing na JavaFX. Msikilize anayezungumza na mfumo endeshi, naye awe chanzo cha habari za dirisha. Peleka nakala, usipeleke kitu chenyewe. Hakikisha mpokeaji bado yu hai kabla ya kumgusa. Ikibidi kusubiri, chagua upande mmoja tu wenye ruhusa ya kusubiri na uuandike kwenye kanuni za mradi. Ukirithi programu ya namna hii, kazi ya kwanza ni kutafuta kila syncExec na kila invokeAndWait iliyomo: ukizikuta pande zote mbili, anza ukarabati hapo kabla hujagusa mmemeto wala menyu.