Nani Alishuka Kwenye Noah?

Kwetu Siongiroi, ukitaka kujua nani anajua kupiga stori, mpe maiki kanisani. Hana daftari wala mhariri, lakini anajua aanzie wapi na aishie wapi. "Bwana asifiwe." Tunajibu. Inakuja dhiki, mlango unafungwa, Mungu anafungua mwingine, makofi. Nimesikia shuhuda nyingi kuliko riwaya nilizosoma. Leo nataka kuusoma ushuhuda mmoja vile tunavyosoma hadithi fupi humu. Ni wa Baba, na unahusu safari yetu ya Agosti 2014.

Kwanza muhtasari. Tulikuwa kumi: Baba, Mama na watoto wanane. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na Dada, kifungua mimba wetu, alikuwa na kumi na tano. Hakuna kati yetu aliyekuwa akienda shule. Tulisomea nyumbani, na tulikuwa tunaelekea Limuru kwenye kongamano la wazazi Wakristo wanaofundisha watoto wao nyumbani. Watu wakisikia Bomet wanaona majani chai. Chai iko kule juu, Silibwet na kuelekea Kericho. Sisi ni mahindi na ng'ombe, na Noah ya kukodi ililipwa na maziwa ya miezi miwili. Tulitoka saa tisa usiku, Baba akiwa kwenye usukani, mursik kwenye kibuyu, chapati kwenye ndoo. Longisa, Mulot, Narok, Suswa. Mai Mahiu tukapita kale kakanisa kaliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tukaanza kupanda.

Baba aliitwa jukwaani siku ya pili. Alianza na pesa ambazo hazikutosha, kisha zikatosha. Halafu akafika kwenye kizuizi cha polisi kabla ya Narok. Noah ina viti vinane, na sisi ni kumi. Hapo Baba alinyamaza. Sijawahi kuona mwandishi anayejua kutumia kimya kama yeye siku hiyo. Akasema askari alimulika tochi ndani ya gari, akahesabu, na Mungu akamfumba macho. "Akaniambia, mzee, safari njema." Ukumbi ukalipuka.

Kwa ufundi, siwezi kuukosoa. Na makofi yale yalikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepitishwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayomtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au afungwe hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hivyo kila mzazi pale ndani alikuwa anaogopa siku serikali itakapokuja kuhesabu watoto wake. Baba aliwapa askari anayehesabu watoto na kukosea. Hiyo haikuwa stori ya trafiki, na kila mtu alijua.

Shida ni kwamba askari hakukosea. Hesabu ilikuwa sawa. Kama mita mia tatu hivi kabla ya kizuizi, Baba alisimamisha gari, akazima taa, akasema, "Dada, shuka na hawa wawili." Dada akamfunga kitindamimba mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukatembea kando ya barabara kwenye baridi ile ya alfajiri kama watu wanaoenda sokoni. Nilikuwa nataka kulia. Akaniambia nihesabu hatua. Tulipowapita askari nilikuwa nimefika 412. Tulipopanda tena kwenye gari mbele huko, alinifundisha kuzigeuza ziwe mita.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Tulitumia vijitabu vya PACE, vya mfumo wa Accelerated Christian Education ulioanzia Texas mwaka 1970. Mtoto anajisomea peke yake, anajisahihishia majibu, na akikwama anainua kibendera ili mtu mzima aje. Kwetu mtu mzima aliyekuja alikuwa Dada. Baba alikuwa shambani, Mama na ng'ombe na mtoto mchanga. Vibendera sita, na yeye mmoja. Cha kwake hakuna aliyekiona kikiinuliwa.

Ushuhuda haukuanza hivi, na ndio maana nasema huu una kasoro ya kifasihi, sio ya kiimani tu. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki miaka ya 1930, kutoka Gahini kule Rwanda na kutoka Uganda, ulimtaka mtu asimame ataje kosa lake waziwazi. Niliiba hiki. Nilimdharau fulani. Msimulizi ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Ukitoa hilo kosa, kinachobaki ni ripoti ya ushindi, na ripoti ya ushindi haina nafasi ya mtu aliyebeba mzigo.

Hata waandishi wetu wa zamani wa safari walijua kuhesabu mizigo. Kwenye kitabu cha safari za Waswahili alichokusanya Mjerumani Carl Velten na kukichapisha mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na ndani yake utakutana na hongo, na mabishano ya hongo, na watu wanaofanya msafara usogee. Hakuwa mtakatifu. Lakini msomaji anabaki akijua safari iligharimu nini.

Sitaki kumfanya Baba adui. Shule ya karibu ilikuwa mbali, viboko vilikuwa vingi, na aliamini kabisa kwamba anatulinda. Na mimi ni matunda ya mfumo huo huo: nasoma hivi, naandika hivi, kwa sababu mtu alikuja kila nilipoinua kibendera. Nilirudishwa shuleni nikiwa na miaka kumi na moja, nikafanya KCPE, nikaendelea hadi chuo. Dada alikuwa tayari amepita umri wa kurudishwa darasa la saba bila aibu. Hana KCPE, hana KCSE. Hakuna karatasi yoyote yenye jina lake inayosema alifundisha watoto saba kusoma.

Sasa kosa langu, maana siwezi kuwadai wengine lile nisilotoa. Hii stori nimeipiga mara tatu kwenye majukwaa ya mashairi hapa Nairobi. Huwa naifanya kichekesho: watu kumi, Noah moja, mursik imemwagika kwenye kiti. Watu huvunjika mbavu. Kwenye kizuizi nilikuwa nasema, "Baba akatushusha," halafu nafanya mwendo wa mtoto anayetembea na baridi. Makofi. Mara zote tatu Dada hakuwepo. Baba alimwondoa ili Mungu aonekane, nami nikamwondoa ili niwachekeshe watu.

Mara ya tatu mtu alirekodi, klipu ikazunguka hadi ikafika nyumbani. Dada alinipigia jioni akitoka kupeleka maziwa. Nilifikiri amekasirika. Alicheka kidogo, akaniambia nimekosea idadi ya hatua. Jukwaani nilikuwa nimesema mia tano, kwa sababu inasikika vizuri.

"Zilikuwa 412," akasema. "Na ulianza kulia kwenye 390, nikakubeba. Hizo za mwisho nilihesabu mimi."