Kisanduku Kilichomponza Mwalimu

Kipindi cha televisheni cha kufundisha Kiingereza, safari hii njeo ya wakati uliopo unaoendelea na viunganishi, kiliharibika mapema, pale mwalimu alipochukua chaki nyekundu, akaandika ubaoni "-NA- = AM/IS/ARE + -ING", akaizungushia kisanduku na kuwaambia wanafunzi waikariri. Mlioangalia Jumamosi mliona. Kila kilichofuata, hata kile kizuri, kilibeba mzigo wa kisanduku kile.

Nimpe haki yake kwanza: matamshi yalikuwa safi, "going" ikamalizwa kwa ng' ya ng'ombe badala ya ile "goingi" yetu, na tahajia ya "running" na "making" ilielezwa vizuri. Basi.

Kosa la kwanza la kisanduku analijua yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Kiambishi -na- kina kazi nyingi mno. Ukisema "Juma anafundisha Tanga", huenda saa hiyo Juma yuko kitandani anakoroma, na sentensi yako ni ya kweli vilevile. Kiingereza hapo kinataka "Juma teaches in Tanga". Tena kuna vitenzi vya hali, kama kujua, kupenda na kutaka, ambavyo kwa kawaida havikubali -ing, wakati sisi tunavitia -na- bila wasiwasi. Ndiyo maana kijana wa safu ya nyuma alisimama akasema, "I am knowing the answer because I am wanting to win," akapigiwa makofi na darasa zima, mwalimu akiwa wa kwanza kupiga. Kijana hana hatia. Aliitii kanuni herufi kwa herufi, na kiunganishi chake kilikuwa sahihi.

Nimelisema hili katika safu hii hadi wahariri wamechoka: ukiamua kumfundisha Mswahili Kiingereza kwa kupitia Kiswahili, basi kichunguze hicho Kiswahili kwanza. Bi Ashton alichapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, na humo hakuichukulia -na- kuwa ufunguo wa kila mlango. Tunayo hu- ya mazoea pia. Kumwambia mtoto kwamba "Juma hufundisha Tanga" haiwezi kupewa -ing kungechukua nusu dakika, na makofi yale yasingepigwa.

Lakini hilo ni dogo. Kilichoniudhi ni picha ambayo wanafunzi waliulizwa watu wake wanafanya nini.

Mnaikumbuka: uani mama anakuna nazi, baba amevaa kofia amekaa kwenye kigoda, mtoto amelala mkekani. Mwalimu akaanza na mama, akajibiwa sawasawa. Akamwonyesha mtoto. Msichana wa safu ya pili akasema, bila kusita, "The baby has slept." Mwalimu akatikisa kichwa, akamwelekeza kwa fimbo: angalia kisanduku chetu. Msichana akakiangalia. Akanyamaza. Mwalimu akangoja kidogo, akajijibu mwenyewe, "The baby is sleeping," na picha ikaondolewa.

Ninyi mlidhani amenyamaza kwa nini? Kisandukuni mna -na-. Nani kati yetu, akimwonyesha mgeni mtoto aliyekwisha kupitiwa na usingizi, atasema "mtoto analala"? Anayelala ni yule anayejifunika shuka sasa hivi, au yule ambaye kitanda kile ni chake kila siku. Huyu wa mkekani amelala. Msichana alitafuta -na- katika kichwa chake, akaikuta -me-, akafanya alichofundishwa tangu shule ya msingi: -me- ni "has". Kwa kanuni iliyokuwa mbele yake, alikuwa amepatia. Kilichokuwa kimekosea ni kisanduku, lakini aliyeaibika ni msichana.

Hapo ndipo lilipokuwa somo la jioni nzima, likaachwa likapita. Kwa vitenzi vya mkao na mavazi, kama kulala, kukaa, kusimama, kuegemea na kuvaa, Kiswahili hutumia -me- kueleza hali tunayoiona sasa, na Kiingereza, kikitaka kueleza hali hiyohiyo, hutumia -ing. Amekaa, "is sitting". Amesimama, "is standing". Amevaa kofia, "is wearing a hat", na baba alikuwa palepale na kofia yake, hakuulizwa. Si vingi, vinafundishika kwa dakika tano. Watu wenye shahada bado wanaandika "he has worn a blue shirt" katika tangazo la mtu aliyepotea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakalisha chini kuhusu -me-. Na Jumamosi ijayo, tumetangaziwa, ni zamu ya wakati timilifu. Naiona chaki nyekundu ikiandika "-ME- = HAVE/HAS", na msichana yuleyule akipewa makofi kwa sentensi ileile iliyomnyamazisha.

Wakongwe wa kufundisha Kiingereza hawakuwa na visanduku. Harold Palmer alipotoa kitabu chake cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo, Tokyo mwaka 1925, alitaka kitenzi kionekane mwilini kabla hakijaandikwa. A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 na baadaye akatunga kamusi iliyotoka huko mwaka 1942 na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948, alikipa kila kitenzi ruwaza zake, maana alijua vitenzi havifanani tabia. Walimu waliofuata njia hiyo walikwenda mlangoni: kabla ya kuushika, "I'm going to open the door"; mkono ukiwa kwenye kitasa, "I'm opening the door"; mlango ukiwa wazi, "I've opened the door". Mwanafunzi anaona mpaka kati ya hali moja na nyingine. Mtanijibu kwamba hao hawakutumia Kiswahili. Sawa, na mimi sitaki Kiswahili kifukuzwe darasani. Ninachotaka ni kisiingizwe nusu.

Viunganishi vilipewa robo ya mwisho. "And", "but", "because" na "so" vilifundishwa bila kasoro. Kisha mwalimu akaongeza "although", na kwenye skrini ikatokea sentensi ya mfano: "Although it is raining, but they are playing." Ni Kiswahili hicho kilichovalishwa maneno ya kigeni. Sisi husema "ingawa mvua inanyesha, lakini wanacheza" na hakuna anayelalamika. Kiingereza kinataka kimoja, ama "although" ama "but". Kosa la mwanafunzi husameheka, lakini hili liliandaliwa, likachapwa, likasahihishwa na mtu, likarushwa hewani.

Na "while" haikutajwa kabisa. Kuna kiunganishi gani kinachofaa zaidi kwa njeo hii? Sisi tuna "huku": anakuna nazi huku anaimba. Mama wa pichani alichorwa mdomo wazi, mtu angemuuliza tu anafanya nini kingine, na njeo na kiunganishi vingekutana katika sentensi moja: "She is grating a coconut while she is singing." Badala yake dakika zilizobaki zilitumika kuimba kisanduku kwa kupiga meza, mara ya kwanza wavulana, mara ya pili wasichana.