Kitanda chenye mikanda minane

Mwishoni mwa mwaka 1992, wakaguzi wa Kamati ya Ulaya ya Kuzuia Mateso waliingia chumba kimoja katika makao makuu ya polisi mjini Ankara, Uturuki. Kibao kilisema ni chumba cha mahojiano. Ndani kulikuwa na kitanda kifupi mfano wa machela, chenye mikanda minane, minne kila upande. Watu waliodai kupigwa shoti za umeme walikuwa wameshakieleza kitanda cha namna hiyohiyo. Polisi walipoulizwa kinafanya kazi gani pale, hawakuwa na jibu la kuaminika. Huko Diyarbakır wakaguzi walikuta boriti ya mita tatu juu ya makabati ya mafaili yaliyotiwa uzito, tayari kwa kumning'iniza mtu kwa mikono.

Ufundi wenyewe ndio huo: sikiliza kwanza, kisha kakitafute ulichosimuliwa. Mkataba wa Ulaya wa kuzuia mateso wa 1987 unawapa wakaguzi haki ya kuingia popote mtu anaposhikiliwa, na kuzungumza naye bila askari kusikia. Wanapima selo: mita 6 za mraba kwa anayekaa peke yake, 4 kwa kila mmoja wa wanaochangia, choo hakihesabiwi. Wanasoma daftari la mahabusu: kaletwa saa ngapi, daktari kamwona lini, ndugu zake waliarifiwa lini. Saa zisizo na maelezo huzaa maswali.

Wanachojali kuliko vyote ni kwamba aliyezungumza atabaki palepale wageni wakishaondoka. Kwa hiyo wanazungumza na wengi, hata wasio na malalamiko, ili askari asijue neno limetoka kwa nani.

Daktari anayechunguza makovu naye anajizuia. Itifaki ya Istanbul ya 1999 inamtaka aeleze kovu linawiana na simulizi kwa kiasi gani: haliwiani, linawiana, linawiana mno, hadi lile lisiloweza kutokana na jambo jingine. Haongezi chumvi, na ndiyo maana neno lake lina uzito mahakamani.

Ripoti hubaki siri mpaka serikali iridhie itolewe. Wapo wanaouona ukimya huo kuwa woga. Mimi naona ndio unaofanya mlango ufunguliwe tena safari ijayo. Serikali ikikataa kushirikiana au kurekebisha mambo, kamati inaweza kutangaza hadharani. Kitanda cha Ankara tunakijua kwa tangazo la Desemba 1992, la kwanza katika historia yake.

Karibu na kwetu, Oktoba 2017, Kamati Ndogo ya Umoja wa Mataifa ya Kuzuia Mateso ilikatiza ziara yake Rwanda, nchi iliyokuwa imeridhia itifaki inayoipa kamati hiyo haki ya kukagua miaka miwili tu nyuma. Ilikuwa imezuiwa kufika baadhi ya mahali, baadhi ya mahojiano hayakuwa na faragha, na ilihofia waliozungumza nayo wangelipiziwa kisasi. Mwaka uliofuata kamati hiyo ikaifuta ziara kabisa. Kwangu mimi hapo wakaguzi walikuwa kazini kuliko siku nyingine yoyote: ripoti iliyokamilika ingewapa sifa, lakini gharama yake ingelipwa na mahabusu.