KAISER: JINA LA UKOO, CHEO NA KILELE CHA KIBO

Mwalimu wa historia mjini Moshi atakaye kuwaeleza wanafunzi jina la zamani la kilele cha Kibo hukabiliwa na tatizo la istilahi. Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, alikiita kilele hicho Kaiser-Wilhelm-Spitze. Spitze ni ncha. Wilhelm ni jina la mtu. Je, Kaiser ni nini? Jibu jepesi ni "mfalme". Nionavyo, jibu hilo halitoshi.

Neno hili lilianza likiwa jina la ukoo. Caesar lilikuwa jina la ukoo wa Julius, Mrumi aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Watawala waliomfuata walilirithi hata likawa cheo. Wajerumani wakapata Kaiser, Warusi wakapata tsar. Kisha huko Ujerumani neno likarudi lilikotoka: likawa tena jina la ukoo la watu wa kawaida, aghalabu kutokana na lakabu. Kwa hiyo Bwana Kaiser asidhaniwe kuwa kitukuu cha watawala, wala jina lake lisitafsiriwe.

Cheo ni jambo jingine. Wilhelm wa Pili alikuwa mfalme wa Prusia na, papo hapo, Kaiser wa Ujerumani nzima, ambamo walikuwamo pia wafalme wa Bavaria, Saksonia na Württemberg. Tukimwita mfalme tu, tunaifuta tofauti hiyo. Na neno hilo hilo likitumika kwa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Moshi ya Kale mwaka 1900, msomaji ataona wafalme wawili waliogombana, asione dola kubwa iliyoimeza nchi ndogo.

Kiswahili hakikosi neno. Biblia ina Kaisari. Mwalimu Nyerere, alipoisahihisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, aliandika Kaizari. Herufi z ndiyo iliyo karibu zaidi na matamshi ya Kijerumani. Basi napendekeza: Kaizari kwa cheo cha Kijerumani, Kaisari ibaki katika Maandiko, mfalme kwa König, Mangi abaki Mangi, na Kaiser, likiwa jina la mtu, liandikwe kama lilivyo.

Tangu Desemba 1961 kilele hicho chaitwa Uhuru. Mwanafunzi hatatambua uzito wa jina hilo asipoelezwa sawasawa lile lililoondolewa lilikuwa la nani.