Kiraka na Pumzi: Uhakiki wa Picha ya Senema "Kūki Ningyō"

Katika mwaka 2009 Hirokazu Kore-eda, mtengenezaji mashuhuri wa picha za senema wa Japani, alitoa picha iitwayo "Kūki Ningyō", maana yake mwanasesere wa hewa. Asili yake ni hadithi fupi ya michoro ya Yoshiie Gōda, na mwaka huo huo ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika fungu la Un Certain Regard. Ni rahisi kuichukua picha hii kuwa ni hadithi ya upweke wa watu wa Tokyo, na upweke umo kwa hakika. Walakini kiini chake ki mahali pengine, katika tendo dogo la mikono: sanamu ya kimo cha mtu yachanika, na kijana asiye fundi aiziba kwa kitu cha kwanza kilicho karibu naye. Atakayelifahamu tendo hilo ameifahamu picha nzima.

Hadithi yenyewe si ndefu. Hideo, mtumishi wa mkahawa, aishi na mwanasesere wa plastiki ajazwaye hewa, ambaye amempa jina la Nozomi. Azungumza naye wakati wa chakula, amwogesha, na kumfanya mwenzi wa kitandani. Asubuhi moja Nozomi apata uhai, naye Hideo hajui. Akiisha kutoka mwenye nyumba, yeye naye hutoka, hujifunza maneno na desturi za watu, hata apata kazi katika duka la kuazimisha picha za senema, na huko ampenda mfanyakazi mwenziwe, Junichi. Nozomi huigizwa na Bae Doona, mwigizaji wa Korea, na uteuzi huo ni wa busara. Kwani ugeni wa matamshi yake wafanana na ugeni wa kiumbe aliyeanza kusema juzi.

Siku moja kazini Nozomi aanguka, na msumari wamchana mkono. Damu haitoki, hutoka hewa, na mwili waanza kunywea sakafuni mbele ya macho ya yule ampendaye. Junichi hana kifaa cha ufundi. Atwaa selotepu ya dukani, auziba mchano, kisha atafuta tundu la kujazia hewa lililo kitovuni, na kupuliza kwa kinywa chake hata mwili urudi kujaa.

Yafaa mtazamaji atambue kwamba kazi hiyo ina sehemu mbili. Kiraka huzuia tu, hakirudishi kilichopotea. Kila aliyeziba mpira wa baisikeli ajua kwamba baada ya kiraka hubakia kazi ya bomba. Hapa bomba ni kifua cha mtu. Hewa iliyokuwamo mwilini mwa Nozomi tangu mwanzo haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa hewa ya pampu. Hewa iliyoingia baada ya mchano ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ameitoa kifuani mwake kwa jasho. Kwa hiyo Nozomi atengenezwa, lakini harudi kuwa vile alivyokuwa. Hapana ajabu kwamba baadaye aitupa pampu yake. Akataa kujazwa tena na hewa ya hivi hivi, ingawa ajua kwamba kwa kukataa huko ameanza kuzeeka.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hutazama wakati: huhimiza kuziba mapema. Picha hii huuliza jambo ambalo methali haikuliuliza: ni nani azibaye, na azibe kwa kitu gani?

Swali hilo la kitu gani si dogo. Sanamu za namna hii zitengenezwazo siku hizi kwa ajili ya wenye fedha huwa za silikoni, nzito, zenye mifupa ya chuma ndani. Silikoni iliyokwisha kukauka huikataa karibu kila gundi ya nyumbani. Selotepu hubanduka, gundi ya haraka hufanya ganda gumu juu ya mpasuko, na sanamu ikikunjwa ganda hung'oka. Kishikacho silikoni sawasawa ni silikoni yenyewe, tena baada ya mpasuko kusafishwa mafuta na vumbi. Ajaribuye kuitengeneza kwa vitu vya kuokoteza hugundua upesi kwamba nia njema haitoshi, kwani kitu chenyewe ndicho kichaguacho dawa yake. Zaidi ya hayo, sanamu ya silikoni ikichanika haitokwi na kitu. Hubakia imejaa vile vile, na mwenye kuitengeneza aweza kuiacha hata kesho.

Mwanasesere wa hewa hana kesho. Akichanika, ama azibwe sasa ama aishe. Kama Nozomi angalikuwa wa silikoni, picha ingalipoteza haraka ya tendo lile, ingalipoteza selotepu, na juu ya yote ingalipoteza pumzi. Gōda aliichagua sanamu ya bei nafuu, na Kore-eda hakuibadili. Wote wawili walijua kwamba unyonge wa kitu hicho ndio uzito wa hadithi yake.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ya pekee mbele ya kazi hii. Nozomi husema kwamba amepata "kokoro", neno la Kijapani lenye kukusanya moyo, hisia na fikira. Mfasiri atakayeandika "amepata moyo" atapotosha, maana kwa Kiswahili apataye moyo ni aliyetiwa ushujaa. Akiandika "amepata roho" atakaribia, lakini ataingia katika shida nyingine. Roho ni neno la asili ya Kiarabu lenye udugu na neno la upepo katika lugha hiyo, na Mswahili husema mtu amekata roho pale pumzi inapokoma. Roho na pumzi zimekaa jirani mno. Katika picha hii vitu hivyo viwili vimekuja kwa njia mbalimbali: roho ilimjia Nozomi yenyewe, bila kupewa na mtu, pumzi alipewa na Junichi. Mfasiri asiyetenganisha mambo hayo ataifanya picha kuwa hadithi ya mwanamume aliyemtia mwanamke uhai, na kumbe sivyo. Nozomi alikuwa hai kabla ya kiraka. Alichopewa ni kuhitaji mtu.

Na ndipo msiba huzaliwa, nao huzaliwa katika neno. Nozomi alipoungama kwamba yeye ni mtupu ndani, mzee mmoja alimjibu kwamba hata yeye ni mtupu, na Junichi naye akajilinganisha naye. Wao walisema kwa mafumbo, kama wasemavyo watu waliochoka. Yeye alisikia kwa maana ya asili. Neno letu "utupu" lingalimfaa Kore-eda, kwani lashika pamoja kukosa kitu ndani na kukosa nguo nje, na katika tendo la selotepu Nozomi aliyaonyesha yote mawili. Basi akiamini kwamba mpenzi wake ni mwanasesere kama yeye, ataka kumlipa wema. Usiku, Junichi akiwa amelala, atafuta tundu la hewa mwilini mwake ili naye ampulizie. Halipo. Amkata. Kitokacho safari hii si hewa, wala hapana selotepu iwezayo kuzuia.

Hapo maana ya tendo la kwanza yakamilika. Wema ni ule ule na pumzi ni ile ile, lakini aliyetengenezwa si wa jinsi moja na anayetaka kutengeneza. Kosa la Nozomi si uovu. Ni la mtu aliyefundishwa dawa moja tu, akaidhani ni dawa ya kila jeraha.

Hata hivyo kazi hii ina kasoro zake. Shairi la Hiroshi Yoshino, "Seimei wa", husomwa ndani ya picha ili kueleza kwamba kiumbe hakikamiliki peke yake. Shairi ni zuri, lakini limewekwa kufanya kazi ambayo selotepu ilikwisha kuifanya vema zaidi bila kusema. Hali kadhalika wapweke wengine wa mtaani, kila mmoja dirishani pake, huonyeshwa kwa haraka mno, hata huwa mifano badala ya watu. Hideo peke yake ndiye aliyetendewa haki. Aambiwapo kwamba mwanasesere wake yu hai, amsihi arudi kuwa kitu, kwa sababu watu humsumbua. Kauli hiyo ni ya kinyama na ya kweli kwa pamoja, na mtazamaji hawezi kumchukia sana aliyeitamka.

Yafaa kuilinganisha na picha ya Marekani ya mwaka 2007, "Lars and the Real Girl", iliyoongozwa na Craig Gillespie kwa maandishi ya Nancy Oliver. Huko kijana mwoga, Lars, ajiletea sanamu ya silikoni na kuiita mchumba wake, na mji mzima wakubali kuitendea kama mgeni wa heshima hata kijana apone. Kazi ile ina huruma nyingi, lakini sanamu yake hubakia chombo: watu ndio watengenezwao. Kore-eda amethubutu zaidi, kwani amekitazama chombo chenyewe na kuuliza nacho chadai nini.

Mwishoni Nozomi ajilaza katika taka, na hewa ya mwisho yamtoka taratibu. Picha haimwiti fundi wala haitafuti kiraka kingine. Imekwisha kuonyesha kwamba selotepu ya dukani yatosha kumrudisha kiumbe siku moja, iwapo azibaye yu tayari kutoa na pumzi yake. Imeonyesha pia, bila kumpunguzia mtazamaji uchungu, kwamba atakaye kulipa wema huo hana budi kwanza kumjua amtendeaye.