Karai Halina Nguvu, Lina Upande

Wengi hudhani karai likifungwa nyuma ya modemu huongeza nguvu ya netiwaki. Halitengenezi nguvu mpya. Hukusanya mawimbi ya upande mmoja na kuyapa kisogo ya upande mwingine.

Muhuru Bay, kaunti ya Migori, hilo ni jambo kubwa. Tanzania iko jirani kabisa, na simu ikinasa mlingoti wa ng'ambo, bando ulilonunua Kenya linakaa bure. Huko mwenye karai anatafuta nguvu, lakini kwanza anaziba upande wa mpakani.

Mbinu yenyewe ilipata umaarufu kupitia Stan Swan, mhadhiri wa Wellington, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 2000. Waya wa antena hula mawimbi kadiri unavyorefuka, kwa hiyo yeye aliuacha. Alichukua adapta ndogo ya waifai ya USB, akaifunga mbele ya chombo cha jikoni cha Kichina. Adapta ikapanda juu. Kilichoshuka kwenye waya ni data tu. Waya wa USB 2.0 hufika mita 5, nao unatosha kutoka mezani hadi juu ya paa. Hapo umeshayaruka mabati, ambayo hurudisha mawimbi nje kama yanavyorudisha jua.

Modemu ikae wapi? Pima upana wa karai, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa kina mara 16. Karai la sentimita 48 lenye kina cha 12 linakupa 12: usawa wa mdomo wake. Lakini karai ni kipande cha tufe, kwa hiyo mawimbi hayakutani mahali pamoja. Isogeze modemu mbele na nyuma, kidole kimoja kimoja. Usitegemee vijiti vya netiwaki. Soma namba ya desibeli kwenye mipangilio. Kutoka -110 hadi -100 nguvu imeongezeka mara kumi.

Kinachowaangusha wengi ni urefu wa wimbi. Waifai ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5, na karai hilo linalimudu vizuri. 4G ya megahezi 800 ina wimbi la sentimita 37 na ushee. Mbele yake karai ni kijisahani. Hapo tengeneza kioo kikubwa kwa waya wa kuku juu ya fremu ya mbao. Matundu hayadhuru, mradi ni madogo kuliko wimbi, madogo sana.

Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, vilima vya Gwassi vimepita mita 2,000. Nyumba iliyofichwa kabisa na kilima haina cha kukusanya, hata kwa karai la harusi. Tafuta mwinuko kwanza.

Na radi za ukanda huu wa ziwa si za kuchezea. Wingu likianza kujikusanya, chomoa waya mapema, shusha karai kabla ya ngurumo.